Hata Siku ya Kufunga, Nawa Uso

Masomo: Matayo 6:16-18, Luka 7:44-46, Hesabu 12:1-15

Tunawasalimu ninyi mliotusikia siku ya posho, na ninyi mnaosoma karatasi hii kwa sababu umeme ulikatika katikati ya kipindi. Haya ndiyo tuliyosema, pamoja na machache tuliyoulizwa baadaye.

Leo hatusemi juu ya mapepo, wala juu ya safari, viza na ndoa. Tunasema juu ya maji ya kuoga, mafuta ya kujipaka, na ule uso ambao kila mmoja wetu anauona kwenye kioo asubuhi. Wengine watasema hayo si mambo ya mimbari. Hata sisi tulisita. Lakini dada mmoja wa kwaya yetu alilala hospitali wiki sita kwa ajili ya jambo hili, na tulipokuwa tunakaa kwa zamu karibu na kitanda chake, tuliona kwamba sehemu ya kosa ni yetu.

Tuanze na Neno. Katika Matayo sura ya sita Bwana anafundisha juu ya kufunga. Sisi Wapentekoste kufunga tunakujua: siku tatu, siku saba, kufunga kavu bila hata tone la maji. Na tunajua namna mtu aliyefunga anavyopenda kuonekana. Midomo imekauka, kitambaa kimefungwa ovyo kichwani, anatembea polepole ili watu waulize, «Mama, kuna nini?» naye ajibu kwa sauti ndogo, «Niko katika maombi.» Bwana anageuza jambo hilo. Anasema anayefunga ajipake mafuta kichwani na anawe uso, ili ajulikane na Baba peke yake.

Tazameni vizuri: Bwana hawafundishi hapo kuoga kama jambo jipya. Anaona kwamba kunawa na kujipaka mafuta ni desturi yao ya kila siku, na anawaambia wasiiache hata siku ya kufunga. Kumbe uso safi wenye mafuta haupingani na kiroho.

Kisha tuende kwa Simoni Mfarisayo, Luka sura ya saba. Kila mara tunahubiri juu ya machozi ya yule mwanamke, na ni haki. Lakini Bwana alimwambia mwenye nyumba wazi kwamba alipoingia hakupewa maji ya miguu, wala mafuta ya kichwa. Alikuwa ameona! Yeye ambaye malaika wanamtumikia aliona kwamba maji ya miguu hayakuletwa, na jambo hilo kwake halikuwa dogo hata alinyamazie.

Tunajua mtatuuliza juu ya Petro. Barua yake ya kwanza, sura ya tatu, imefukuza dada wengi kanisani kwa sababu ya meshi za nywele. Petro anasema uzuri wa mwanamke usiwe wa nje tu: kusuka nywele, dhahabu, mavazi. Basi, kama kusuka ni dhambi, na mavazi yametajwa papo hapo, mbona hatujasikia mhubiri akiwaambia wamama waje bila nguo? Petro anaonyesha mahali uzuri unapokaa. Hakukataza kitana.

Sasa, wapendwa, hebu tufikirie asubuhi ya mama mmoja wa huku kwetu Bukavu. Ameamka kabla ya jua kutoka. Maji ya bomba hayakuja usiku, kwa hiyo bidoni la lita 20 limepanda mlima mgongoni mwake au mgongoni mwa mtoto. Kutoka katika bidoni hilo kuna maji ya chai, ya vyombo, ya watoto. Yake ni yale yaliyobaki katika sufuria. Anayapasha moto kidogo juu ya makala, anaingia nyuma ya karatasi za bati, anaoga. Anapotoka anachota mafuta kidogo kwa kidole, anapaka mikono, magoti, visigino vilivyopasuka. Dakika kumi hizo pengine ndizo peke yake katika siku nzima ambazo hakuna anayemwita. Tunaamini Mungu anazipenda dakika zile kumi. Zaburi ya 104 inahesabu mafuta yanayong'arisha uso kati ya zawadi zake, pamoja na mkate na mvua.

Na ile saa ya posho mchana, kwenye mlango wa nyumba! Mama amekaa kwenye kiti kifupi, binti amekaa chini kati ya magoti yake, kitana kinapita, mtoto analia kidogo kisha anasinzia. Jirani anakuja na kichwa chake na habari zake. Hapo watu wameelezana mambo ambayo hawajawahi kutuambia sisi ofisini. Tumekuwa tukiwakemea wasuka nywele kwa kukosa maombi ya posho. Mmoja wetu sasa anasema ingefaa tuhamishe saa ya maombi. Bado tunazungumza.

Juu ya usingizi tuseme kwa kifupi, maana inatugusa sisi wenyewe. Katika Marko 6:31 Bwana aliwachukua wanafunzi wake wakapumzike, kwa kuwa hata nafasi ya kula hawakuwa nayo. Mikesha ni mizuri. Lakini mama aliyekesha Ijumaa, akauza sokoni siku ya posho, akapika kwa ajili ya wageni wa kanisa Jumapili, huyo hatumsaidii kwa kumtangazia mkesha mwingine Jumatatu. Mwache alale.

Tufike sasa kwa dada yetu. Ametupa ruhusa ya kusema, bila jina.

Ngozi yake ni nyeusi kama ya bibi yake mzaa mama, na sauti yake ya alto hatujapata nyingine kama hiyo. Mwaka ule kwaya ilirekodi video. Sisi wa kamati tulikaa na mpiga picha tukapanga mistari. Mpiga picha alisema waliotakata wakae mbele, kamera inawapenda. Tulikubali, hata hatukujadili. Dada yetu alikaa mstari wa tatu. Hakuna aliyemweleza sababu, lakini macho anayo, aliangalia mstari wa kwanza akaelewa.

Alianza na sabuni. Baadaye alinunua krema sokoni, ile ambayo muuzaji anachanganya mbele yako: kidogo kutoka katika tubu hii, kidogo kutoka katika chupa ile, anakoroga katika kopo la plastiki lisilo na etiketi. Baada ya miezi michache uso wake ulitakata. Na sisi tulifanya nini? Tulimsifu. Mmoja wetu alisema kwa maikro, mbele ya kanisa zima, «Tazameni jinsi Bwana alivyomng'arisha dada yetu!» Watu wakapiga makofi. Safari iliyofuata alikaa mstari wa kwanza. Siku ya ndoa yake alikuwa mweupe mwili mzima, isipokuwa viungo vya vidole, maana pale weusi haukubali kutoka.

Akapata mimba. Wakati wa kuzaa ilibidi apasuliwe. Mtoto alitoka mzima, Mungu apewe sifa, lakini kidonda hakikufunga. Ngozi ilikuwa nyembamba, uzi wa kushonea ulikuwa unaikata. Kikafunguka, kikaingia usaha, wakashona tena. Munganga alimuuliza jambo moja tu: «Mama, unajipaka nini?» Mama mkwe alikuwa amesimama pale. Dada alinyamaza. Aliuliza tena siku ya pili, ndipo akamwonyesha kopo.

Wauguzi walitueleza, nasi tunawaeleza ninyi. Katika krema hizi mara nyingi kuna vitu vya aina tatu. Kuna hidrokinoni, inayozuia ngozi kutengeneza rangi yake, ile rangi tuliyopewa itukinge na jua. Mtu akiitumia muda mrefu, mashavu yanaweza kufanya madoa ya bluu-nyeusi ambayo ni vigumu sana kuyaondoa. Umoja wa Ulaya uliikataza katika krema za kung'arisha ngozi mwaka 2001. Jirani zetu wa Rwanda, tangu mwisho wa 2018, walituma polisi madukani kuzikusanya.

Kuna dawa kali za jamii ya kotizoni, kama klobetasoli. Hizo ni dawa za kweli, munganga anaziandika kwa ugonjwa fulani wa ngozi na kwa siku chache. Ukizipaka mwili mzima kwa miezi, zinafanya ngozi kuwa nyembamba, zinachora mistari mapajani na tumboni, zinachelewesha vidonda kupona. Zinaingia hata katika damu na zinaweza kupandisha sukari na tansyo.

Na kuna zebaki, kile chuma cha maji kilichokuwa ndani ya vipima joto vya zamani. Inaharibu figo, inaweza kumfikia mtoto tumboni, na watu wa nyumba moja wanaipata kwa kushikana na kutumia taulo moja. Mkataba wa mataifa unaoitwa wa Minamata, wa mwaka 2013, ulihusu pia sabuni na krema za namna hiyo. Jina ni la mji wa Japani ambako watu walikula samaki wenye zebaki, wengi wakafa, na watoto wakazaliwa wakiwa na ulemavu. Ishara moja ya kukumbuka: kama karatasi ya krema inakuambia usiiguse na dhahabu, fedha au aluminiamu, jiulize kwa nini. Kitu kinachokula pete yako unakipaka usoni?

Sasa Hesabu sura ya 12. Miriamu na Haruni walimnung'unikia Musa kwa ajili ya mke wake Mkushi. Kushi ni nchi iliyo kusini ya Misri, ya watu weusi. Andiko halisemi kwamba Miriamu alichukia rangi ya yule mke, na hatutaki kuongeza neno ambalo halimo. Lakini Andiko linasema Miriamu alipigwa ukoma akawa mweupe kama theluji, na kwamba kambi nzima ilisimama siku saba ikimngojea. Kambi nzima! Sisi tulisoma sura hiyo hospitalini, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinua macho. Maana yule aliyenung'unika juu ya ngozi nyeusi katika habari yetu si dada. Ni kamati.

Kwa hiyo hatukuja hapa kumhukumu anayejipaka. Wababa, ninyi mnaomlinganisha mke wako na mwanamke wa kwenye simu, tunawaona. Na wako watumishi wa mimbari wanaojipaka pia. Viungo vya vidole vinaonekana tukishikana mikono.

Wewe ambaye kopo liko nyumbani, sikiliza neno hili la wauguzi. Usiendelee, lakini pia usiache peke yako kwa siri kama umetumia muda mrefu. Dawa za kotizoni zikiachwa ghafula ngozi inaweza kuwaka na kuwasha vikali, na mtu anarudia kujipaka kwa sababu ya maumivu. Chukua kopo lenyewe, hata kama halina etiketi, nenda nalo kituo cha afya. Watakuelekeza namna ya kupunguza. Kama una mimba, mwambie mkunga kabla ya siku za kuzaa, hata kama mama mkwe yuko pale. Mwambie atoke kidogo.

Na baada ya hapo utajipaka nini? Mtu wa kwanza kuuliza swali hilo alikuwa dada mwenyewe. Muuguzi alimjibu: maji, sabuni isiyo kali, halafu vazelini au mafuta yasiyo na kitu kingine, yapakwe ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Kitambaa au mwavuli juani. Na sahani: lengalenga, avoka, sambaza za ziwa letu wakati bei inaruhusu. Alicheka, akasema hayo yote bibi yake alikuwa anayafanya.

Ametoka hospitali. Kidonda kimefunga. Mashavuni kuna madoa, na munganga amesema yatachukua muda, mengine pengine yatabaki. Kamati ilimwendea nyumbani, wote saba, tukamwomba msamaha kwa lile neno la maikro na kwa ule mstari wa tatu. Hakujibu mara moja. Alituletea maji ya kunawa kwanza, kisha chai.

Sasa kwaya inapangwa kwa sauti: alto upande wa kushoto, soprano upande wa kulia, wafupi mbele. Mpiga picha alilalamika kwamba nyuso nyingine hazitaonekana vizuri. Tumechanga franka, tumenunua taa ya pili. Jumapili ijayo dada yetu anaimba kwa mara ya kwanza tangu azae, naye ameomba watu wasimwambie neno lolote juu ya uso wake, zuri wala baya. Tunaomba kanisa zima limheshimu katika hilo.

Sasa tuinamishe vichwa. Tuwaombee wamama wote wanaokaribia kuzaa mwezi huu.