Kuchagua Redio za Mawasiliano kwa Safari za Milimani na Kando ya Ziwa Nyasa

Maelezo yaliyotolewa Matema, wilayani Kyela, mbele ya waongozaji wa watalii, madereva, waendesha bodaboda na wenye mitumbwi

Tumekuja kuzungumzia redio ya mawasiliano, ile ambayo wengi wenu mnaiita redio koli. Kila tunapopita katika wilaya hii tunaulizwa swali moja: redio ipi inafika mbali? Tunaomba ruhusa ya kulibadili swali hilo kabla ya kulijibu. Muulizeni muuzaji, na mjiulize wenyewe: mimi nitakuwa nimesimama wapi, na mwenzangu atakuwa wapi, na kati yetu kuna nini?

Kwenye maboksi ya redio nyingi za mkononi yameandikwa maneno ya kuvutia: kilometa 30, kilometa 50, hata zaidi. Si lazima maneno hayo yawe uongo mtupu. Mtu aliyesimama mita 400 juu ya ziwa, penye uwazi, anaweza kwa hesabu ya upeo wa mawimbi kuonana na mtu aliye ufukweni umbali unaozidi kilometa 80. Lakini watu wawili waliosimama kwenye ardhi tambarare, kila mmoja akiwa na redio usawa wa kifua, upeo wao hauzidi sana kilometa 10, kwa sababu dunia yenyewe imepinda. Hapo bado hatujataja migomba, mikakao, nyumba wala kilima. Katika mashamba yenye miti iliyosongamana, kilometa 2 au 3 ni jambo la kushukuru. Anayenunua kwa kusoma boksi peke yake anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Sasa itazameni nchi yenu. Ziwa liko kiasi cha mita 475 juu ya usawa wa bahari, na Milima ya Livingstone inainuka kutoka majini hadi kupita mita 2,000. Hakuna kifaa cha mkononi kinachotoboa mwamba wa namna hiyo. Tulijaribu wenyewe jozi moja ya redio, mmoja wetu akibaki ufukweni hapa Matema na mwingine akifuata njia ya miguu kuelekea Ikombe. Sauti ilikuwa safi mpaka mlima ulipoingia kati yetu, kisha ikakatika kana kwamba mtu amezima redio. Mwenzetu alipopanda mtumbwi na kusogea majini hadi tukaonana tena, sauti ilirudi, ingawa alikuwa mbali kuliko pale ilipopotea. Jaribio hilo halikutugharimu kitu, na lilitufundisha zaidi ya karatasi zote zilizokuja ndani ya boksi.

Wengi hudhani dawa ya mlima ni wati nyingi. Wati husaidia, lakini kwa kiasi. Hata penye uwazi kabisa, kuuzidisha umbali mara mbili kunahitaji nguvu mara nne. Redio ya wati 5 haifiki mara kumi ya redio ya nusu wati, ila humaliza betri upesi zaidi. Kinachosaidia kuliko wati ni kimo na antena. Dereva wa gari la kubeba wageni au mizigo atafaidika zaidi na redio ya kufungwa garini, yenye antena nzuri juu ya paa, kuliko na redio ya mkononi inayopiga kelele ndani ya bodi la chuma. Mwenye redio ya mkononi aishike wima, na asibonyeze kitufe cha kusemea antena ikiwa imefunguliwa, kwani anaweza kuunguza kifaa. Kikundi chenye kazi ya kudumu milimani kinaweza kufikiria kituo cha kupokezana mawimbi, kinachowekwa juu ya kilele ili kiwaunganishe walio pande mbili za mlima. Hiyo ni gharama kubwa, na haifai kwa mtu mmoja.

Kuna aina mbili za masafa mtakazozisikia dukani, VHF na UHF. Kwa ufupi, VHF hufaa zaidi penye uwazi, kama ziwani na kwenye mabonde mapana. UHF mara nyingi huvumilia zaidi katikati ya majengo, na antena yake huwa fupi. Jambo kubwa kwa mnunuzi ni hili: redio ya VHF haisemezani na ya UHF. Tumeona kikundi ambacho kila mwanachama alijinunulia yake mahali pake, na siku ya safari kila mmoja akawa anaongea peke yake. Nunueni pamoja, za aina moja, na betri zinazobadilishana.

Kyela ni nchi ya mvua. Masika yanapokolea, Mto Kiwira, Mbaka na Lufilyo hufurika, na mtu anayevuka kwa miguu analowa yeye na mfuko wake. Kwa hiyo tafuteni alama ya kinga ya maji na vumbi. IP54 maana yake kifaa kinastahimili vumbi na maji ya kurushiwa. IP67 maana yake hakipitishi vumbi kabisa, na kinaweza kuzama mita 1 kwa dakika 30. Kwa njia zenu tunashauri ya pili. Kama neno kwenye boksi ni “haiogopi maji” bila alama yoyote, msilipie neno hilo.

Muulizeni pia muuzaji kuhusu betri. Saa zinazotajwa kwa kawaida huhesabiwa kwa mtu anayesema asilimia 5 ya muda, anayesikiliza asilimia 5, na anayekaa kimya muda wote uliobaki. Kiongozi wa msafara anasema zaidi ya hapo. Anayelala juu ya mlima usiku mmoja abebe betri ya akiba, na ahakikishe chaja yake inapokea umeme wa gari au wa sola.

Tunafika kwenye jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji. Masafa ya redio ni mali ya umma, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inataka anayeyatumia awe na leseni, na kifaa chenyewe kiwe kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Redio za bei ndogo ambazo mtu anaweza kujipangia namba yoyote ya masafa ndizo zinazotuogopesha. Mtumiaji asiyejua anaweza kuangukia masafa ya ndege, ya polisi au ya vyombo vya majini, akamzibia mwingine mdomo wakati wa shida. Nendeni, au tumeni mwakilishi wa kikundi, ofisi ya Mamlaka ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini, Mbeya, kabla ya kulipa dukani. Mkiwa na masafa yenu mkononi, ndipo muuzaji awapangie redio.

Waongozaji wa watalii tunawaambia kwa namna ya pekee. Mgeni huja na jozi yake kutoka Ulaya, inayotumia masafa ya 446 MHz, au kutoka Marekani, inayotumia 462 na 467 MHz, naye akiondoka anawaachia kama zawadi. Ni zawadi ya upendo, lakini ruhusa aliyokuwa nayo kwao haisafiri pamoja na kifaa. Ulizeni kwanza. Vivyo hivyo kwa mnaovuka Kasumulu: ng'ambo ya Mto Songwe mamlaka ni nyingine, na leseni ya huku haiwalindi kule.

Wenye mitumbwi na boti mna chombo chenu maalumu, redio ya VHF ya majini, na zipo zinazoelea zikidondoka. Chaneli 16, yaani 156.8 MHz, ndiyo ya kuitia msaada duniani kote. Walio nchi kavu wasiiguse kwa mazungumzo ya kawaida. Pepo za kusini-mashariki, ambazo wenzetu wa Malawi huziita mwera, hazimsubiri mtu amalize kupiga soga. Hata hivyo, ulizeni kwanza nani anasikiliza chaneli hiyo katika upande wenu wa ziwa na saa ngapi, kwa maana mwito usio na msikilizaji haumwokoi mtu. Penye mtandao wa simu, 112 inabaki kuwa namba ya dharura, na redio haichukui nafasi yake.

Dukani, dai risiti ya EFD na dhamana ya maandishi. Ukielezwa sifa ambayo kifaa hakina, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 iko upande wako, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani. Risiti isiyoonyesha aina ya kifaa haitakusaidia sana, kwa hiyo hakikisha jina na namba ya kifaa zimeandikwa.

Mwisho ni mapatano, ambayo hayauzwi dukani. Msafara ukiondoka, kubalianeni saa za kuitana, tuseme kila saa kamili, na mahali pa juu ambapo aliyepoteza sauti atapanda ili asikike. Mwenzenu akivunjika mguu kwenye njia ya mlimani saa kumi jioni, asiyeumia atajua apande wapi, na aliye chini atajua asikilize lini.

Tumeweka redio mbili hapa mezani, zenye masafa yaliyoruhusiwa. Vijana wawili wachukue moja waelekee njia ya Ikombe, wengine tubaki na hii ufukweni, na katibu aandike sauti inakatika wapi.