Sura ya Tatu, Saa Mbili Usiku

Msikilizaji, mwaka 1971 Wangari Maathai alitunukiwa shahada ya uzamivu na Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufika hapo. Zaidi ya nusu karne imepita, na takwimu za UNESCO bado zinaonyesha kwamba kati ya watafiti watatu duniani, mwanamke ni mmoja tu.

Wengi husema tatizo ni ada. Ni kweli, ada ni nzito. Lakini mtazame mwanafunzi wa uzamivu saa mbili usiku: sampuli haziwezi kungoja kesho, nyumbani kuna mtoto wa miezi saba, dada wa kazi anapiga simu, na msimamizi ameandika pembeni ya sura ya tatu neno moja: "Rudia." Hapo anahitaji mtu aliyepita njia ile, amwambie arudie nini na aanzie wapi.

Mpango wa AWARD wa wanawake wanasayansi wa kilimo Afrika, ulioanza mwaka 2008 makao yake yakiwa Nairobi, ulilielewa hilo. Mwanasayansi wa kilimo alipewa mlezi wa kitaaluma, kisha naye akatakiwa kumshika mkono binti anayemfuata.

Vyuo vyetu huuachia ulezi huu hisani ya profesa mwanamke mmoja, ambaye tayari yumo katika kila kamati. Si haki. Ulezi uhesabiwe kuwa kazi, uingie kwenye ratiba, na umpandishe mtu cheo kama makala ya jarida inavyompandisha. Wakuu wa idara, mnasikia?