Nafasi ya Kubadili Msimamo: Vijana wa Tabora, Mitandao na Kura



Januari 1958 wajumbe wa chama cha TANU walikutana hapa Tabora wakiwa wamegawanyika. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka sharti la kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mzungu na Mwasia kwa pamoja. Wengi walikuja wakitaka uchaguzi ususiwe. Wakabishana kwa siku kadhaa, uso kwa uso, mpaka hoja ya Mwalimu Nyerere ya kushiriki ikapita. Ndio ule Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakuridhika, akajitoa na kuanzisha chama cha African National Congress. Lakini wengine waliingia ukumbini na msimamo mmoja wakatoka na mwingine.

Nafasi hiyo ya kubadili msimamo ndiyo wanayonyimwa vijana wetu.

Kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024, kijana mmoja wa bodaboda aliandika kwenye kundi la WhatsApp la kijiweni kwao kwamba mgombea wa chama asichokipenda ndiye pekee anayemwona kwenye vikao vya maji vya mtaa. Hakusema atampigia kura. Kabla hata chai haijapoa, alishaitwa chawa wa mgombea huyo, akaulizwa kalipwa shilingi ngapi, na skrinishoti ya maneno yake ikawa inazunguka kwenye makundi mengine. Akaufuta ujumbe. Siku ya kura alishinda kijiweni akibeba abiria. Aliniambia hakutaka kuonekana kwenye foleni na upande wowote.

Wenzake waliompiga spana nao hawakuwa huru. Kila mmoja alikuwa akiangaliwa na wengine: ukikaa kimya, unahesabiwa upande wa pili.

Zamani haikuwa hivyo: katika njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Unyanyembe, hapa kwetu Tabora, hadi Ujiji, habari ilisafiri na mtu. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyeleta uvumi wa vita vya mtemi Mirambo alikuwepo, akaulizwa aliona nini na alisikia kwa nani. Skrinishoti haina wa kuulizwa.

Siilaumu mitandao yenyewe. Juni 2024 vijana wa Kenya walijipanga humo kuupinga Muswada wa Fedha, na tarehe 26 Rais Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Wala dawa si kuzima intaneti: kuizima, kama ilivyotokea nchini kwetu siku ya uchaguzi mkuu, Oktoba 29, 2025, kunafunga mdomo wa mwonevu na wa mwonewa kwa pamoja, na hofu inabaki palepale.

Napendekeza mawili. Makundi ya vijiweni na vyuoni yakubaliane kwamba maneno ya mwanachama hayatolewi nje bila ridhaa yake. Na kabla ya kila uchaguzi, vijana wa mtaa wakutanishwe na wagombea wote ana kwa ana, simu zikiwa zimewekwa kando, na kikao kiendelee hata siku ya pili ikiwa maswali hayajaisha.