Dawa ya Nagana Ndani ya Maabara ya DNA



Kila mwanafunzi aliyepitia maabara ya baiolojia ya molekuli anaijua ithidiamu bromaidi. Ni unga mwekundu uliokolea. Huyeyushwa katika maji, kiasi kidogo sana kikatiwa ndani ya jeli, DNA ikasukumwa humo kwa umeme, kisha jeli ikalazwa juu ya taa ya mwanga wa urujuanimno. Hapo DNA, ambayo kwa macho matupu haionekani, hujitokeza kwa mistari myembamba ya rangi ya chungwa. Mwanafunzi huonywa avae glavu, asimwage mabaki kwenye sinki, asiguse kitasa cha mlango kabla ya kuzivua. Asiloambiwa ni kwamba kitu hichohicho, kwa jina la homidiamu, ni dawa ambayo ng'ombe wa Afrika wamekuwa wakidungwa tangu miaka ya 1950 kutibu nagana.

Ninasimama hapa leo kwa ajili ya habari hiyo. Baadhi ya rangi mashuhuri zaidi zinazotuonyesha DNA zilitokana na jitihada za kutafuta dawa za magonjwa yanayotusumbua huku kwetu: nagana na malale yanayoenezwa na mbung'o, malaria, na minyoo ya filaria. Wala haikutokea kwa bahati tu. Kinachoifanya molekuli ing'ae ndani ya DNA mara nyingi ndicho kinachomuua mdudu.

Tuanze na mng'aro wenyewe. Molekuli ya aina hii hupokea mwanga wenye mawimbi mafupi, ikapata nguvu, ikapoteza sehemu yake kama joto, na ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde ikatoa mwanga wa mawimbi marefu zaidi, yaani wa rangi nyingine. George Stokes alilieleza jambo hili mwaka 1852 huko Cambridge, na miongoni mwa vitu alivyovichunguza ilikuwamo kwinini, ile ile ya malaria, ambayo maji yake hutoa rangi ya samawati juani. Mepakrini, dawa nyingine ya malaria iliyogawiwa askari wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, nayo hung'aa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Torbjörn Caspersson na wenzake huko Sweden waliitumia, pamoja na jamaa yake wa karibu, kuzipaka kromosomu. Kwa mara ya kwanza kila kromosomu ya binadamu ikaweza kutambulika kwa mistari yake.

Lakini ithidiamu ndiyo yenye historia ya kutuhusu zaidi. Kabla yake palikuwapo dimidiamu, dawa ya nagana iliyofanya kazi lakini ikaumiza ini la ng'ombe. Mwaka 1952 watafiti wa Uingereza walichapisha habari za badiliko dogo: waliondoa kikundi cha methili kwenye molekuli, wakaweka ethili mahali pake. Sumu ikapungua, dawa ikabaki na makali yake. Ndiyo homidiamu, ndiyo ithidiamu. Miaka kama 15 baadaye, Wafaransa wawili, LePecq na Paoletti, walionyesha kwamba mng'aro wake huongezeka kiasi cha mara 20 inapokutana na DNA au RNA. Mwaka 1972 Aaij na Borst wa Amsterdam wakaitumia kuonyesha DNA katika jeli. Borst huyo alikuwa pia mmoja wa waliochimba kwa kina DNA ya tripanosoma, vimelea wa nagana na malale. Njia hizo mbili zilikutana katika maabara yake.

Kwa nini ing'ae ndani ya DNA na si ndani ya maji? DNA ni ngazi iliyosokotwa, na vipago vyake ni jozi za besi zilizopangana moja juu ya nyingine. Ithidiamu ni bapa, hujipenyeza katikati ya jozi mbili kama karatasi inayoingizwa kati ya kurasa za kitabu. Ikiwa majini, nguvu iliyoipata kutoka kwenye mwanga huporwa na molekuli za maji zinazoizunguka. Ikishajibanza kati ya besi, maji hayaifikii, na ile nguvu hutoka kama mwanga. Basi kule kujibanza ndiko kunakoleta nuru. Na ndiko kunakovuruga kazi ya kunakili DNA.

Wanaovurugika zaidi ni tripanosoma, kwa sababu wana kitu ambacho ng'ombe hana. Ninaomba muiangalie picha hii ya hadubini kwa makini, maana ndiyo niliyoipenda kuliko zote katika maisha yangu ya kazi. Hapa seli zimepakwa rangi nyingine iitwayo DAPI, inayoshika mfereji mwembamba wa DNA mahali penye besi A na T kwa wingi, ikatoa samawati. Doa kubwa katikati ni kiini cha seli. Karibu na ncha ya nyuma kuna nukta ndogo, kali, yenye kung'aa kuliko ukubwa wake. Hiyo ni kinetoplasti: DNA ya mitokondria, maelfu ya viduara vidogo vilivyoshikana kama pete za mnyororo. Seli hii ya kulia ina nukta mbili na kiini kimoja: inajiandaa kugawanyika, na kwa tripanosoma nukta hugawanyika kabla ya kiini. Ile ya juu ina nukta mbili na viini viwili. Punde itakuwa seli mbili. Mtafiti anayejaribu dawa mpya huhesabu madoa haya, akajua dawa imemkwamisha mdudu katika hatua ipi. Akiwatia tripanosoma ithidiamu, ile nukta hufifia na wengine wakabaki bila nukta kabisa.

DAPI nayo ilitengenezwa Ujerumani, katika maabara ya Otto Dann, habari zake zikachapishwa mwaka 1971. Alikuwa akitafuta nini? Dawa ya tripanosoma. Haikufika sokoni kama dawa, lakini leo ni vigumu kupata maabara ya seli duniani isiyokuwa na kichupa chake. Rangi za Hoechst, ndugu zake wa karibu kikazi, zilitoka katika kampuni ya dawa iliyokuwa ikijaribu kuua minyoo ya filaria, jamii ya wale wanaoleta matende. Namba 33258 katika jina la mojawapo ni namba yake tu katika orodha ndefu ya kemikali za kampuni hiyo.

Nitapita haraka kwenye hatua iliyofuata, si kwa kuidharau bali kwa kuwa wenzangu wengi wameieleza. Rangi hizo zote hushika DNA yoyote bila kuchagua. Watafiti walitaka kuona kipande kimoja tu, jeni moja, RNA moja kati ya maelfu. Kwa muda mrefu walitumia fosforasi-32 yenye mionzi, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila baada ya siku 14 hivi, hivyo maabara iliyo mbali na kiwanda ilipokea mzigo uliokwisha kuchakaa. Kisha wanakemia wakajifunza kuifunga rangi kwenye nukleotidi yenyewe. Mwaka 1986 kundi la Leroy Hood na Lloyd Smith huko California lilisoma mfuatano wa DNA kwa rangi nne, kila besi na rangi yake, na mashine ikachukua kazi iliyokuwa ya macho na rula.

Mwaka 1996 Sanjay Tyagi na Fred Kramer wa New York walibuni uzi mfupi wa DNA uliokunjwa kama pini ya nywele. Ncha moja ina rangi, ncha ya pili ina kizima-mwanga. Ukikunjwa, giza. Ukikutana na mfuatano unaolingana nao, hufunguka, rangi ikaachana na kizima-mwanga, mwanga ukatoka. Nyuzi tano za namna hiyo, kila moja na rangi yake, ndizo zilizowekwa katika kipimo cha kwanza cha kifua kikuu cha GeneXpert, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikiidhinisha Desemba 2010. Zinapima kipande cha besi 81 tu cha jeni ya bakteria. Rangi moja ikikosekana au ikichelewa sana, jeni imebadilika, na mgonjwa huenda hatapona kwa dawa ya rifampisini. Makohozi yanaingia, na kwa muda wa saa mbili hivi jibu limetoka. Mitambo hiyohiyo ilitumika Beni, Butembo na Goma katika mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020. Virusi vya Ebola vina RNA, kwa hiyo kwanza RNA hugeuzwa kuwa DNA, ndipo nyuzi zenye rangi zikaitambua.

Sasa niwageukie nyinyi wageni wangu wafugaji, mlioacha mifugo yenu mkaja kutusikiliza. Ng'ombe wa kilo 250 akidungwa homidiamu kwa kipimo cha miligramu 1 kwa kila kilo, anapata miligramu 250. Jeli ya mililita 50 ya mwanafunzi wangu ina kama miligramu 0.025. Ni tofauti ya mara 10,000. Mwanafunzi ana glavu, ana ndoo maalumu ya mabaki, ana bango ukutani. Mfugaji mara nyingi huchanganya dawa hiyo kwa mikono mitupu kando ya zizi, maji ya kusuuzia akayamwaga alipo. Imethibitika maabarani kwamba ithidiamu ikishapitia vimeng'enya vya ini huweza kubadilisha jeni za bakteria, na hilo ndilo lililotuvalisha glavu. Siwezi kukubali kwamba hatari ile ile ihesabike kwa aliyevaa koti jeupe, isihesabike kwa aliyeshika fimbo.

Wala sisemi dawa iachwe. Palipo na mbung'o, ng'ombe asiyetibiwa hudhoofika na kufa, na familia ikakosa maziwa na jembe la kukokotwa. Ninasema maelekezo yale yale tunayoyabandika maabarani yaandikwe kwa Kiswahili chepesi, yaambatane na kila pakiti dukani. Ninasema pia tupime: usugu wa tripanosoma dhidi ya homidiamu umekwisha kuonekana katika sehemu nyingi za Afrika, na zana za kuutambua, hizi rangi na hizi nyuzi, tunazo. Idara yetu ina hadubini, ina taa, ina vijana wanaojua kuhesabu nukta na viini. Kinachokosekana ni damu ya ng'ombe kutoka kwenye mazizi yenu, ikiletwa kwa ridhaa yenu, na majibu yakirudi kwenu kabla hayajafika kwenye jarida lolote. Wafugaji walio tayari, fomu ziko mezani pale mlangoni, na wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu watawasaidia kuzijaza.