Koni ya Karatasi na Mpinzani Wake wa Shambani

Kabla ya kurekodi You Really Got Me mwaka 1964, Dave Davies wa bendi ya The Kinks, Uingereza, alichukua wembe akaichana koni ya spika ya amplifaya yake ndogo aina ya Elpico. Karatasi iliyochanika ikawa inapepea kila nyuzi zinapopigwa, na mkwaruzo wake unasikika tangu mwanzo wa wimbo. Miaka 13 nyuma, amplifaya ya mpiga gitaa Willie Kizart iliharibika wakati bendi yake ikielekea studio ya Sam Phillips huko Memphis, Marekani. Inasimuliwa kwamba spika ilishindiliwa karatasi ili iweze kufanya kazi, na wimbo wa Rocket 88 ukarekodiwa na mngurumo huo vilevile.

Wembe uliweza kwa sababu koni yenyewe ni karatasi: nyuzinyuzi za mti zilizofanywa rojo, zikachujwa maji na kukaushwa kwa umbo la faneli.

Watengenezaji wa spika za sebuleni walitafuta kitu kingine. Miaka ya 1970 Dudley Harwood, mhandisi wa BBC, alifika kwenye plastiki ya polipropilini; kampuni ya B&W ikashika Kevlar, nyuzi zilezile za fulana za kuzuia risasi. Wote walitaka koni isitie neno lake katika muziki. Gitaa la umeme linataka kinyume chake. Sauti ikipanda, koni ya karatasi haiendi tena mbele na nyuma kwa pamoja. Hugawanyika, kila sehemu ikatetema kivyake. Mtetemo huo uliovurugika ni nusu ya sauti ambayo mpigaji anaiita yake, na spika inayouzima humnyang'anya sehemu ya ala yake.

Ndiyo maana mpinzani wa kweli wa karatasi ametoka shambani. Tone Tubby ya California na Eminence ya Kentucky hutengeneza koni za nyuzinyuzi za bangi ya viwandani, ile isiyolevya. Carlos Santana amepigia spika za Tone Tubby. Eminence wana Cannabis Rex, ya inchi 12 na wati 50, na jina hilo lina mizizi: katika karne ya 19 Kentucky ilisifika kwa kulima mmea huo, kabla sheria ya 1937 haijaubana. Sheria ya shirikisho iliufungulia milango kikamilifu mwaka 2018 tu.

Tofauti hujitokeza waziwazi kwenye gitaa kali kama Telecaster. Kwenye karatasi, nyuzi nyembamba hukata. Kwenye bangi makali hayo hulainika, noti ikatoka nene na ya mviringo. Mpigaji wa solo ndefu za taratibu atauona ulaini huo kuwa neema. Anayetaka gitaa lake lipenye katikati ya ngoma na tarumbeta, karatasi bado inamfaa zaidi.