Shamba Lilishalo Shule

Hotuba ya mwalimu wa dini, iliyosomwa mbele ya wazazi na walimu siku ya Jubilei



Nimeagizwa kunena habari ya shamba la shule. Walionitangulia wamenena habari za makanisa, visima na zahanati, nasi tumefurahi kuzisikia. Habari yangu ni ya samadi na majembe, nanyi mtanivumilia. Kila mzazi aketiye hapa ajua kwamba mtoto mwenye njaa hasikii somo, na ya kwamba karo haitoshi kununua unga mwaka mzima. Kwa hiyo sioni haja ya kubishana kama shule iwe na shamba au isiwe nalo. Yatupasa kuuliza shamba lenyewe liwe la namna gani, na nani alitumikie.

Jambo hili si geni katika Kanisa la pwani hii. Katika mwaka 1868 Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walivuka kutoka Unguja wakafanya misioni Bagamoyo. Walikuwa na watoto waliokombolewa utumwani, na watoto hao wakazidi kuongezeka, maana misafara kutoka bara ilikuwa haijakoma. Mapadre hawakutaka kuwalisha kwa sadaka za Ulaya peke yake, kwa kuwa sadaka haina majira kama mvua. Basi wakafyeka mwitu, wakapanda minazi na vyakula, wakajaribu na vanila. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani kuu ikapiga Unguja na Mrima, majengo ya misioni yakabomoka, kazi ya miaka minne ikalala chini. Wakaanza tena. Na katika mwaka 1877 vijana waliolelewa pale wakapelekwa Mhonda, katika milima ya Nguru, wakafanya kijiji cha Kikristu na mashamba yake. Hata kahawa ya Kilema, kule Kilimanjaro, ilipandwa na Mapadre wa shirika lilo hilo, kwa mbegu ya kisiwa cha Réunion; na wanunuzi wa kahawa hulitaja mpaka leo jina la Bourbon, lililokuwa jina la kale la kisiwa kile.

Hayo twayasimulia kwa furaha. Walakini kuna neno la pili, ambalo katika sikukuu hulipita upesi. Sehemu kubwa ya siku ya watoto wale ilikuwa ya jembe, wala hawakuulizwa kama wapenda. Wengine walitoroka. Mtoto aliyelima kwa amri ya bwana mmoja, kisha akapewa jembe na mwingine, atajuaje mara moja kwamba huyu wa pili ni baba? Sisemi haya ili kuwadharau waliotangulia. Wengi wao walikufa kwa homa katika nchi hii, na makaburi yao yako Bagamoyo, kila mtu aweza kwenda kuyaona. Nayasema kwa sababu shamba la shule lina hatari yake tangu mwanzo: huanza ili limlishe mtoto, likaishia mtoto kulilisha shamba.

Hatari hiyo haikuisha na wakati wa misioni za kwanza. Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa amefundisha katika shule za misioni za Tabora na Pugu, aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwezi wa Machi 1967. Alitaka shule ziwe na mashamba. Tena alitaka wanafunzi wenyewe washiriki katika kupanga kazi na katika kuamua mapato yatumikeje. Agizo la kwanza lilishikwa mahali pengi. La pili likasahauliwa, na katika shule nyingi jembe likawa adhabu ya mtoto aliyechelewa kufika. Nani atapenda udongo aliokutana nao kama adhabu?

Basi kwa rai yangu kazi nzito ya shamba na ifanywe na watu wazima, kwa ujira uliotajwa mbele ya mashahidi. Kung'oa visiki, kuchimba makingamaji, kubeba magunia, hizo si kazi za watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yaruhusu mtoto kufanya kazi nyepesi tangu umri wa miaka 14. Nasi tusiitafute njia ya kuizunguka. Watoto wawe na matuta yao wenyewe, karibu na madarasa, ambapo hujifunza kupima, kuhesabu, kupanda na kungoja. Mboga za matuta hayo ziingie katika chungu chao wenyewe, wakaone kwa macho yao mchicha walioupanda. Na hesabu ya shamba zima isomwe mbele yao, kama isomwavyo mbele ya Padre.

Sasa nije kwenye udongo. Wako wasemao kwamba shamba la kutegemewa na shule haliwezi kusimama pasipo mbolea ya chumvichumvi na dawa za dukani. Nawaheshimu, maana mbolea ile yatoa mahindi, hapana shaka. Lakini kumbukeni mwaka 2022, bei ilivyopanda hata Serikali ikalazimika kutoa ruzuku kwa wakulima. Shule iliyokwepa kutegemea sadaka, ikaja kutegemea gunia la mbolea lililotoka ng'ambo, imebadili bwana tu. Na habari ya dawa haihitaji maneno mengi: mahali watoto wanapocheza na kuchuma, sitaki sumu. Hapo sina mashauri ya kupatana.

Wazee wetu walilima pasipo duka. Tazameni Wamatengo wa Mbinga, ambao mashamba yao yako katika miteremko mikali. Wanaume hufyeka nyasi, wakazilaza chini kwa safu zinazokatana, zikafanya miraba. Wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba wakazifunika nyasi zile. Yakabaki mashimo, na kandokando yake matuta. Wenyewe huyaita ngoro. Mvua ikinyesha, maji hukaa shimoni badala ya kukimbia na udongo mtoni. Nyasi huoza chini ya matuta zikawa mbolea. Maharage hupandwa kwanza, na mahindi hufuata msimu wa baadaye. Milima ile ingalikuwa mawe matupu leo kama si ngoro. Nami nashangaa kwamba mtoto aweza kumaliza shule pasipo kuisikia hata mara moja.

Shamba letu si la mteremko mkali kama ule, wala sisemi tuige kila kitu. Shina la jambo ni moja: udongo hulishwa kwanza. Ningependa tuanze na zizi kabla ya kufyeka ekari nyingi. Ng'ombe wachache wafungiwe na kukatiwa majani, samadi yao ikusanywe chini ya paa, isipigwe na jua wala kuoshwa na mvua. Mboji itengenezwe kwa tabaka: mabua makavu, kisha majani mabichi, kisha samadi, na majivu kidogo na udongo, inyunyiziwe maji, ifunikwe, igeuzwe mara kwa mara. Katika miezi mitatu hivi huwa nyeusi, yenye harufu ya mwitu baada ya mvua, na mtu huishika pasipo kinyaa. Kati ya mahindi tupande kunde na mbaazi, ambazo mizizi yake huurudishia udongo nguvu, nazo ni kitoweo.

Mtaniuliza habari ya wadudu. Viwavijeshi vamizi, waliotoka bara la Amerika, walionekana Afrika mwaka 2016, na mwaka uliofuata walikwisha fika mashambani mwetu. Wataalamu wa ICIPE huko Mbita, ukingoni mwa Ziwa Victoria upande wa Kenya, walikuwa tangu miaka ya 1990 wamefundisha njia ya kuwapinga funza wa mabua: kati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, ambayo harufu yake huwafukuza nondo wa funza, na kuzunguka shamba hupandwa majani ya tembo, ambayo huwavuta. Desmodiamu huzuia na kiduha pia. Baadaye ilionekana kwamba njia hiyo hupunguza na viwavijeshi. Tena mimea yote miwili ni chakula cha ng'ombe; basi kinga ya mahindi hurudi zizini, na zizi hurudi shambani. Mwarobaini tunao, na majani yake yaliyotwangwa hutumika katika bustani za mboga.

Faida haitakuja upesi. Katika miaka ya kwanza magunia yaweza kupungua, hasa mahali palipozoea chumvichumvi, na ndipo watu watakapoanza kunong'ona kwamba mwalimu wa dini amewalisha watoto maneno. Kwa hiyo tusiahidi kwamba shamba litalipa mishahara ya walimu. Kwanza lilishe: uji wa asubuhi, makande ya mchana, mboga, maziwa yakipatikana. Kitakachozidi ndicho kiuzwe. Afrika ya Mashariki ina kanuni moja ya mazao ya namna hii tangu mwaka 2007, na alama yake, iitwayo Kilimohai. Na wakulima waliojiunga kwa vikundi waweza kukaguana wenyewe kwa wenyewe ili waipate. Hilo ni la baadaye, tutakapokuwa na cha kuuza.

La sasa ni hili. Vuli iko karibu. Fundi amekubali kusimamisha paa la zizi ikiwa nguzo zitapatikana kabla ya mwezi kwisha. Nguzo zapungua ishirini. Wenye ng'ombe kwao, samadi iliyorundikana mnayoichoma au kuitupa korongoni, msiichome wala msiitupe. Gari la misioni litapita Jumamosi kuichukua. Na wanafunzi wa darasa la sita wameomba waruhusiwe kuchagua wenyewe kitakachopandwa katika matuta yao. Nimewaambia nitawaletea jibu lenu kesho asubuhi.