MGENI SIKU MBILI, YA TATU MPE JEMBE. JE, TULIMPA?

Hotuba ya mratibu wetu wa huduma kwa wakimbizi katika mkutano wa mwaka wa kamati za parokia, mkoani Kigoma. Tunaichapa hapa kwa ombi la wajumbe wengi.



Niliombwa nizungumzie bajeti ya huduma kwa wakimbizi. Hesabu zenyewe mnazo mkononi, sitazisoma tena. Wiki chache zilizopita nilipokea barua mbili, na nimeona afadhali nizijibu hapa mbele yenu wote kuliko kuzijibu pembeni.

Barua ya kwanza imetoka kwa kamati ya parokia iliyo jirani na kambi. Wanasema waumini wamechoka. Msitu umekwisha, na akina mama wanatembea mbali kutafuta kuni. Mahindi yanaibwa shambani kabla hayajakauka. Magari yenye nembo za mashirika yanapita kijijini kila siku, yanatimua vumbi na kwenda kambini, wala hayasimami. Wanasema serikali inawabembeleza wageni na kuwasahau wananchi. Wanaomba fungu la wakimbizi lisitishwe.

Barua ya pili imetoka kwa kikundi cha wafadhili wetu wa mjini. Wao wana uchungu wa namna nyingine. Wanasema serikali inawabana wakimbizi warudi kwao hata wale ambao bado wana hofu ya kweli, na kwamba shirika letu, kwa kukaa kimya, linashiriki. Nao wanaomba fungu la wakimbizi lisitishwe, mpaka serikali ibadili msimamo.

Ndugu zangu, barua moja inasema serikali ni laini mno, na nyingine inasema ni ngumu mno. Lakini zote mbili zinafika mahali pamoja, yaani tufunge mfuko. Na mfuko ukifungwa, si serikali itakayolala njaa.

Tulikotoka

Wazee waliomo humu wanakumbuka mwaka 1972, Warundi walipokimbia mauaji kwao. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapa ardhi. Makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo yalifunguliwa porini, familia zikapimiwa mashamba. Makanisa yalikuwepo. Shirika la TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964, lilifanya kazi bega kwa bega na serikali na UNHCR kuchimba visima na kujenga shule na zahanati. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 watu wale walikuwa wanajilisha wenyewe na kuuza ziada. Mwaka 1983 Mwalimu alipewa tuzo ya Nansen, inayotolewa kwa wanaowatetea wakimbizi. Na baada ya miaka mingi, kuanzia mwaka 2014, zaidi ya watu 160,000 wa kundi lile na watoto wao walipewa vyeti vya uraia wa Tanzania.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwaka 1972 tulifanya hivyo hasa. Naomba mlishike neno hilo la jembe, kwa sababu nitalirudia.

Mambo yalivyogeuka

Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbia nchi yao, wengi wakija kwetu. Miezi sita baadaye, mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi. Wilaya ya Ngara haikuwahi kuona watu wengi namna ile. Miti ilikatwa, visima vilikauka, na ndani ya kambi walikuwemo watu wenye silaha walioshiriki mauaji ya kimbari. Wananchi walinung'unika na walikuwa na haki. Na kwa kuwa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ulikuwa unakuja mwaka 1995, wanasiasa waliyasikia manung'uniko hayo vizuri sana.

Tarehe 31 Machi 1995 serikali ilifunga mpaka na Burundi. Desemba 1996, serikali na UNHCR walitangaza kwa pamoja kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwisho wa mwezi. Wengi waliogopa, wakazikimbia kambi kuelekea mashariki, ndani zaidi ya nchi yetu. Askari waliwageuza na kuwaelekeza Rusumo.

Mimi nilikuwa Ngara Desemba ile, kijana, karani wa ghala. Niliona barabara imejaa watu kutoka upeo hadi upeo, magodoro kichwani, watoto mgongoni, mvua ikinyesha. Naomba nikiri jambo mbele yenu. Nilipumua. Nilikuwa nimechoka kuhesabu magunia, nimechoka na malalamiko, nikasema moyoni, afadhali waende. Sikujiuliza kama kila mmoja wao ana mahali salama pa kurudi. Kwa hiyo leo ninapoisoma barua ya kwanza, ile ya waliochoka, siwezi kuwanyooshea kidole. Naufahamu uchovu huo.

Mwaka 1998 ikapitishwa Sheria ya Wakimbizi, inayomtaka mkimbizi akae katika eneo alilotengewa. Tangu miaka ile ya 1990 utaratibu umekuwa ni kambi. Mtu hatoki zaidi ya kilomita 4 bila kibali, halimi shamba la maana, anakula mgao. Jembe tulilompa mgeni wa 1972, wa 1993 hakulipata.

Kagunga na baada yake

Mwaka 2015 Warundi walikimbia tena, safari hii kutokana na machafuko yaliyofuata uamuzi wa Rais Nkurunziza kugombea muhula wa tatu. Wengi waliingia Kagunga, kijiji cha wavuvi ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, kisicho na barabara, kilichobanwa kati ya mlima na maji. Ndani ya wiki chache makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamelala pale ufukoni. Mwezi Mei kipindupindu kikaingia. Meli yetu ya zamani, MV Liemba, ilitia nanga mbali kidogo, mitumbwi ikapeleka watu melini, wakafikishwa Kigoma, na kutoka hapo mabasi yakawapeleka Nyarugusu. Nawakumbusha jambo hili kwa sababu tunapoilaumu serikali tusisahau kwamba mwaka ule mpaka ulikuwa wazi. Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani, ilifurika, na kambi za Nduta na Mtendeli zikafunguliwa kupunguza msongamano.

Halafu mlango ukaanza kurudishwa polepole. Januari 2017 serikali iliacha kuwapokea Warundi kwa pamoja kama kundi. Mwaka 2018 ilijitoa katika mpango wa kimataifa wa kuwasaidia wakimbizi wajitegemee, ikitaja usalama na ukosefu wa fedha. Mwaka 2018 na 2019 masoko ya pamoja ya kambini, ambako wenyeji na wakimbizi walikuwa wakiuziana mihogo, samaki na nguo, yalifungwa. Agosti 2019 ilitangazwa kwamba kuanzia Oktoba Warundi wataanza kurudishwa kwa wingi kila wiki. Mwaka 2021 Mtendeli ikafungwa.

Nani amemnyima jembe?

Sasa nairudia barua ya kwanza. Ndugu zetu wanalalamika kwamba mkimbizi anakula bila kulima. Ni kweli, lakini amekatazwa kulima. Wanalalamika kwamba kambi haiwaletei faida. Soko lilipofungwa hasara ilikuwa ya pande mbili, na mama wa kijijini aliyekuwa akiuza mihogo pale anajua hivyo kuliko mimi. Wanalalamika juu ya kuni. Lakini mwanamke wa kambini anapewa mahindi na maharage, vitu vinavyotaka moto wa saa nyingi, na kuni hapewi. Akienda porini anahatarisha mwili wake, asipokwenda watoto hawali. Tumemfunga mgeni mikono, kisha tunamlaumu kwa kutoshika jembe.

Kwa hiyo manung'uniko ya parokia ile ni ya kweli na yasikilizwe. Ila yamepelekwa nyumba isiyo yake. Mkimbizi hakuandika sheria ile, wala hakufunga soko.

Na barua ya pili? Nayo ina ukweli. Tanzania imeridhia Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 na ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969, na mikataba hiyo inakataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha yake au uhuru wake uko hatarini. Wapo wanaotaka kurudi kwa hiari, na tuwasindikize kwa furaha. Lakini nimemfahamu mama mmoja aliyekimbia mara tatu. Mwaka 1972 alikuja mgongoni mwa mama yake, mwaka 1993 alikuja akiwa na mimba, mwaka 2015 alikuja na wajukuu. Mara mbili aliamini amani imefika akarudi. Mtu kama huyo anastahili kuulizwa yeye mwenyewe, peke yake, kabla ya jina lake kuandikwa kwenye orodha ya basi.

Hata hivyo, ndugu wafadhili, mkataba huo wa 1969 una kipengele kingine tunachokisahau. Unasema nchi iliyoelemewa inaweza kuziomba nchi nyingine ziisaidie kubeba mzigo. Serikali yetu ilipopiga kelele kwamba imeelemewa, je, ilisikika? Agosti 2017, WFP ililazimika kupunguza mgao wa wakimbizi 320,000 hadi asilimia 62 ya mahitaji ya siku, kwa sababu fedha hazikuja. Mwaka 2025 Marekani ilikata misaada yake kwa kiasi kikubwa, na kambi zetu zikaumia pamoja na nyingine nyingi duniani. Mgao mdogo nao ni njia ya kumfukuza mtu. Unamwambia aondoke bila kumtamkia neno. Anayeikasirikia serikali kwa kuwabana wakimbizi, halafu akafunga mfuko wake, anasukuma basi lile lile kutoka nyuma.

Tunachopendekeza

Kamati yenu ya utendaji inaleta mapendekezo matatu, na leo mchana mtayapigia kura.

La kwanza, fungu la wakimbizi lisifungwe, lakini ligawanywe upya. Nusu yake iende katika vijiji vinavyopakana na kambi, kwa majiko banifu, vitalu vya miche na matengenezo ya visima. Kazi hizo zifanywe na kamati za pamoja za wanakijiji na wakimbizi pale ambapo mamlaka zitaruhusu. Magari yetu nayo yasimame kijijini.

La pili, tuache kunung'unika vijiweni, tuandike. Kila dekania iandike barua ya heshima kwa mkuu wa wilaya na kwa mbunge, ikiomba mambo matatu ya wazi: masoko ya pamoja yaruhusiwe, wakimbizi wapewe nishati ya kupikia au njia ya kuipata, na asirudishwe mtu kabla hajasikilizwa mmoja mmoja. Tumeandaa mfano wa barua hiyo. Hauna matusi wala siasa za vyama. Serikali ni yetu, na mtu humwambia ukweli wa kwake.

La tatu linawahusu ninyi wafadhili. Tunawaomba mtuahidi kwa miaka mitatu badala ya mwaka mmoja mmoja, hata kama kiasi kitakuwa kidogo zaidi. Kitalu cha miti hakioti kwa bajeti ya miezi sita. Nanyi mkaziandikie serikali zenu huko mliko, kama sisi tutakavyoiandikia yetu. Tukilaumu upande mmoja tu tutakuwa hatusemi ukweli wote.

Sisemi kwamba tukifanya hivi mlango utafunguka kesho. Yawezekana barua zetu zisijibiwe. Yawezekana mwakani tukakutana hapa na kambi nyingine imefungwa. Lakini nisingependa mtu yeyote humu ajikute siku moja amesimama kando ya barabara kama mimi mwaka 1996, anatazama watu wanapita kwenye mvua, na kitu pekee anachosikia moyoni ni nafuu.

Kanisa letu linafundisha kwamba hata Mtoto Yesu alibebwa usiku kwenda Misri kwa sababu ya mfalme aliyetaka kumwua. Hatujaambiwa jina la Mmisri aliyewapokea, wala kama majirani zake walinung'unika. Nadhani walinung'unika. Lakini mtu fulani aliwapa mahali pa kulala, na fundi seremala akapata kazi ya kufanya.

 Karatasi za kura ziko kwa katibu. Mungu awabariki.